Msiyazibe Mashimo ya Buibui

Mwalimu wa sayansi huku Kwale akithubutu kuwatoa wanafunzi darasani wakaangalie mashimo ya buibui, hachelewi kuambiwa: "Mwalimu, mwanangu nimemleta asome, sikumleta achokore mashimo." Neno hilo utalisikia kwenye mkutano wa wazazi, utalisikia kwa wajumbe wa bodi, na utalisikia hata kwa walimu wenzake waliokaa chini ya mwembe wakisahihisha madaftari. Wanaolisema si watu wabaya. Wanaamini kwamba buibui wa ardhini ni muuaji, na kwamba saa inayotumika nje ni saa iliyoibwa kwenye maandalizi ya mtihani. Na chini ya yote hayo ipo imani nyingine isiyotamkwa sana, ila ndiyo yenye mizizi mirefu: kwamba mnyama wa kusomwa ni yule anayelipiwa kiingilio, yaani ndovu na palahala wa Shimba Hills, mbega wa Diani, kasa na pomboo wa Kisite. Kinachoishi chini ya mchanga nyuma ya choo cha shule hakina jina wala faida, basi kimwagiwe maji ya moto yaishe.

Napinga msimamo huo wote, tangu mwanzo hadi mwisho wake. Unawanyima watoto wa Kwale maabara bora na ya bei nafuu kuliko zote walizonazo.

Tuanze na hofu, maana hofu ndiyo inayowafungia watoto ndani. Buibui wanaochimba makao yao katika udongo wa Afrika Mashariki ni wa koo mbalimbali. Wapo wakubwa wenye malaika mwili mzima, wa familia ya Theraphosidae, na mmoja wao ni Pterinochilus murinus, mwenye rangi ya kahawia au ya chungwa kali, ambaye hapa pwani ni kwao. Wapo wanaoziba tundu kwa kifuniko cha udongo na hariri kinachofunguka na kufungika. Wapo wale wepesi wa familia ya Lycosidae, wanaotoka usiku kuwinda na kurudi mashimoni. Katika hao, murinus ndiye mkali. Akibanwa huuma, na anapouma mtu hupata maumivu makali, uvimbe, na misuli kukaza kwa muda ambao huweza kufika siku kadhaa. Silifichi jambo hilo, na mwalimu yeyote anayelificha hafai kupewa watoto. Lakini hakuna kifo cha binadamu kilichothibitishwa kutokana na sumu ya familia yake ya Theraphosidae, si Kenya wala kwingineko duniani.

Linganisheni na nyoka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka nyoka huua watu kati ya 81,000 na 138,000. Watoto wetu huokota mabibo kwenye majani makavu, huvunja kuni, hukata njia za vichakani alfajiri kwenda shule, ambako moma na swila wapo, na sijasikia mkutano ulioitishwa ili wazuiwe. Inapotajwa safari ya mita 50 nyuma ya darasa, mwalimu akiwa mbele, viatu vikiwa miguuni, ndipo tunakumbuka usalama.

Tena buibui ambaye mzazi angepaswa kumuulizia zaidi hachimbi kabisa. Mjane wa kahawia, Latrodectus geometricus, ni wa jamii moja na wale wajane weusi wenye sifa mbaya duniani, ingawa sumu yake kwa kawaida haina makali kama yao. Huyo hupenda kujibanza chini ya madawati, kwenye pembe za madirisha na vyooni. Mayai yake huyafunga katika vifuko vya mviringo vyenye vijimiba vidogo kila upande, na mtoto aliyefundishwa kuvitambua huvitambua mara moja. Asiyefundishwa huvibinya kwa kidole aone kuna nini ndani. Kwa hiyo mzazi anayemzuia mwanawe asijifunze buibui hajamwondolea hatari yoyote. Amemwacha nayo darasani na amemnyima macho ya kuiona.

Kanuni za usalama zenyewe mtoto wa gredi ya saba hazimshindi: kidole hakiingii tunduni, kwa sababu tundu lililohamwa na buibui huweza kuwa na nge au nyoka; viatu viwe vya kufunika; hakuna kushika kwa mkono; hakuna kuchimbua. Mtoto akizishika kanuni hizo shuleni, anakwenda nazo shambani kwa baba yake na kwenye vichaka anakochungia mbuzi, kila siku, mwalimu akiwa hayupo.

Sasa nieleze kinachoonekana pale chini, maana wengi wanaolipinga somo hili hawajapata kuinama wakatazama.

Chagua mahali penye udongo usiolimwa, chini ya mikorosho kwa mfano, asubuhi umande haujakauka. Umande hukamata kwenye nyuzi na kuonyesha usichokiona saa sita. Utaona mdomo wa tundu, mviringo safi, kingo zake zimepakwa hariri nyeupe kama chokaa. Mara nyingine hariri hiyo imeshikamanishwa na vipande vya nyasi na majani makavu hadi ikainuka kama ukosi wa shati. Kwenye mdomo huo nyuzi nyembamba hutoka na kulala juu ya mchanga. Siafu akipita akagusa uzi mmoja, mwenye nyumba aliyeko gizani chini huhisi mtetemo kwa ncha za miguu, na huweza kupambanua mtetemo wa windo na mtetemo wa upepo. Ukigusa ukingo taratibu kwa unyasi, bila papara, miguu miwili ya mbele hutokeza hadi mwangani, ikasimama, ikapima, kisha ikarudi. Darasa zima la watoto arobaini hunyamaza bila ya kuambiwa.

Wale wa vifuniko ni wagumu kuwapata, na hapo ndipo jicho linapopata mafunzo. Kifuniko kimetengenezwa kwa udongo uleule wa pale, na mara nyingine kina kuvu na vijani vilevile. Unatafuta mstari wa nusu duara, mwembamba kama unywele, kwenye ardhi unayoikanyaga kila siku. Mwenyewe yuko ndani amekishikilia kifuniko kwa kucha na chonge. Usiku lete tochi, uishike usawa wa macho yako, umulike uwanja wa mpira. Vitametameta vimulimuli vya kijani kwenye nyasi: ni macho ya Lycosidae, ambayo yana utando wa ndani unaorudisha mwanga ulikotoka. Msogelee mmoja polepole na huenda ukamkuta jike aliyebeba kifuko cha mayai nyuma yake, au aliyebeba watoto mgongoni wamebanana tele.

Na kazi ya sayansi ndiyo kwanza imeanza. Upana wa mdomo wa tundu huenda na ukubwa wa mwenyewe, kwa hiyo rula ya shilingi chache inatosha kukisia nani mtoto na nani mtu mzima bila kumsumbua yeyote. Watoto wakipima matundu yote ndani ya eneo la mita kumi kwa kumi na kuyachora kwenye karatasi ya mraba, huweza kuona matundu madogo yamekusanyika karibu na kubwa. Hapo swali linajitokeza lenyewe: kwa nini wadogo hawakwenda mbali? Jibu ni kwamba wengi wa buibui hawa wakubwa na wale wa vifuniko hawasafiri kwa kupeperushwa na upepo kama buibui wengine. Wanatembea hatua chache kutoka kwa mama yao, wanachimba vijitundu vyao, wanatulia. Majira ya mvua madume waliokomaa hutoka kutafuta majike, na baada ya hapo hawaishi muda mrefu. Majike hubaki.

Au chukueni kipimajoto. Saa saba mchana mchanga wa Msambweni unaunguza nyayo. Mtoto atoboe kitundu chake mwenyewe kwa kijiti, kando na si kwenye nyumba ya buibui, akishushe kipimajoto kidogo kidogo na kuandika kiwango kwa kila kina. Akifika shubiri moja na zaidi ataelewa, kwa namba zake mwenyewe, kwa nini kiumbe chenye mwili laini hujificha ardhini mchana. Hapo amekusanya data, amechora grafu, ametoa hoja na kuitetea. Shule nyingi huku kwetu hadubini hugombewa na watoto sita, na mtungi wa gesi ukiisha haujazwi hadi muhula ujao. Udongo haujazwi upya na mtu, na upo mlangoni.

Wanaosema hakuna elimu ya maana kwenye shimo la buibui, nawapa kisa cha Australia Magharibi. Mwaka 1974 mwanasayansi Barbara York Main alianza kufuatilia buibui wa vifuniko wa spishi ya Gaius villosus katika hifadhi ndogo ya North Bungulla. Njia yake ilikuwa nyepesi kupita kiasi: kila tundu aliliwekea kibango chenye namba, kisha akarudi kulitazama, mwaka baada ya mwaka. Jike wa namba 16 aliishi katika tundu lilelile moja maisha yake yote. Mwaka 2016 kifuniko chake kilikutwa kimetobolewa na nyigu. Alikuwa na umri wa miaka 43, na katika kumbukumbu za sayansi hakuna buibui aliyejulikana kuishi kuliko yeye. Ugunduzi huo haukuhitaji mashine. Ulihitaji vibango, daftari, na watu wenye subira ya kurudi palepale. Kuna nini katika orodha hiyo ambacho shule ya Lunga Lunga au Kinango haina? Shule huishi miaka mingi kuliko mwalimu mmoja. Darasa la mwaka huu likiweka namba, la mwakani litarithi daftari. Hakuna chuo kikuu chenye nafasi nzuri ya kufanya kazi hiyo kama shule ya kijiji.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Majike hawa hawahami, watoto wao hawaendi mbali, na jike mzima akifukuliwa mara nyingi hawezi kujijengea upya nyumba kama ile. Maana yake ni kwamba palipo na matundu makubwa mengi, udongo haujavurugwa kwa muda mrefu. Trekta likipita mara moja, kurudi kwao huchukua miaka, kama watarudi. Anayejua kuyasoma matundu anaisoma historia ya ardhi.

Na Kwale ni kaunti inayojadili ardhi yake kila siku. Kuanzia mwishoni mwa 2013 hadi mwisho wa 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa Maumba na Nguluku, ikachuja ilmenite, rutile na zircon, ikasafirisha kupitia Likoni. Mchanga ulirudishwa mashimoni, udongo wa juu ukatandazwa, miti na nyasi zikapandwa. Kuna mashamba ya miwa upande wa Ramisi. Kuna viwanja vinavyokatwa kutoka Tiwi hadi Diani, hoteli na nyumba zikimeza msitu wa jabali la matumbawe. Kila mradi huja na ripoti inayosema ardhi imerejeshwa au itarejeshwa. Imerejeshwa kwa nani? Miti unaihesabu ukiwa ndani ya gari. Viumbe wa chini lazima ushuke, uiname. Ningependa kuona vijana wa Msambweni wakihesabu matundu kwenye ardhi iliyofukiwa, wakayahesabu kwenye kichaka cha jirani ambacho hakikuguswa, wakasimama mbele ya mkutano wa hadhara na karatasi yao mkononi. Leo vijana hao hukaa nyuma ya ukumbi wakisikiliza wataalamu waliokuja na ndege ya asubuhi, na hawana la kuuliza, kwa sababu hakuna aliyewafundisha kuitazama ardhi ya kwao.

Kuhusu mtihani sitasema mengi, maana hoja hiyo ni dhaifu kuliko inavyopigiwa kelele. Mtaala wa 8-4-4 umeiweka ikolojia kidato cha tatu, na unamtaka mwanafunzi ajue kukadiria idadi ya viumbe kwa kutumia fremu ya mraba na kueleza jinsi kiumbe kinavyoendana na mazingira yake. Mtaala wa umilisi, ambao gredi yake ya saba ya kwanza ilianza 2023, unasisitiza kutenda kuliko kukariri. Kwa hiyo mwalimu anayetoka nje anaufuata mtaala. Anayebaki ndani na kuimbisha watoto "jozi nne za miguu" ndiye anayeukwepa. Mwanafunzi aliyehesabu matundu kwa mkono wake hasahau namna ya kukadiria idadi, hata swali lije na panzi, konokono au magugu.

Ila nitasema kuhusu majina. Ndugu yake murinus, Pterinochilus chordatus, alielezwa kisayansi na Gerstäcker mwaka 1873, kutokana na viumbe waliokusanywa katika safari za Baron von der Decken huku kwetu. Murinus alielezwa na Pocock mwaka 1897. Mmoja alikuwa Berlin, mwingine London, wakifungua chupa za pombe kali zilizosafiri kwa meli. Siwalaumu; walifanya kazi yao vizuri. Lakini zaidi ya karne imepita, na bado mtoto wa Ukunda anayeishi juu ya matundu hayo hajui kama mnyama huyo ana jina. Wengine wanajua, na wanajua bei pia. Buibui hawa wa Afrika Mashariki hufugwa na kuuzwa Ulaya na Marekani kama wanyama wa mapambo. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa Kenya na chungu wapatao 5,000 waliowekwa kwenye vijichupa vya maabara kwa ajili ya biashara kama hiyo, na mwezi uliofuata mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja. Vijana wa miaka 19 walivuka bahari kufuata wadudu ambao sisi tunawafundisha watoto wetu kuwakanyaga.

Na kama kuna anayedhani buibui hawawezi kumpa Mkenya sayansi ya maana, atazame Mbita, kwenye Ziwa Viktoria, katika kituo cha ICIPE, taasisi iliyoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970. Huko ndiko alikochunguzwa Evarcha culicivora, buibui mdogo mrukaji aliyepewa jina mwaka 2003, ambaye huchagua kula mbu wa kike walioshiba damu, hasa wa jamii ya Anopheles wanaoeneza malaria. Kila nyumba ya Kwale inaijua malaria. Tabia hiyo ilijulikana kwa sababu kuna watu waliokaa wakamtazama buibui kwa makini.

Wapo pia wanaonong'ona kwamba kushughulika na buibui hakupendezi kidini. Waislamu wa pwani hii tumelelewa na kisa cha buibui aliyetanda utando kwenye mlango wa pango la Thawr, Mtume (S.A.W.) akiwa ndani pamoja na Abubakar. Kuna bibi zetu ambao mpaka leo hawaruhusu buibui wa nyumbani auawe kwa heshima ya kisa hicho. Kurani ina sura nzima iitwayo Al-Ankabut. Sioni namna dini iliyomtukuza kiumbe huyo hivyo itakavyotumika kuwakataza watoto wasimtazame.

Pingamizi moja tu naliheshimu: kwamba watoto wakiachiwa ovyo watayaharibu matundu yenyewe. Ni kweli, na ndiyo maana somo hili lina miiko. Jembe halihusiki. Hakuna anayechukua buibui kwenda naye nyumbani. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haimruhusu mtu kukamata mnyama wa porini bila kibali, na mwalimu alitaje hilo siku ya kwanza. Ukitaka kuwapeleka karibu na kaya, nenda kwanza kwa wazee, ukae, uombe. Misitu ya Kaya za Mijikenda iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na imesalimika kwa sababu ya miiko ya wazee ya kutokata na kutotoa kitu msituni. Kule Kaya Kinondo mgeni hufungwa kaniki kabla hajaingia. Mtoto aliyeona udongo uliolindwa na babu zake, akaulinganisha na uliopinduliwa na trekta, anawaelewa wazee hao kuliko atakavyowaelewa kwa hotuba yoyote ya Siku ya Utamaduni.

Walimu wakuu wa Kwale, ombi langu kwenu ni dogo. Mwalimu wenu wa sayansi akija na barua ya kuomba kipindi kimoja cha nje kwa wiki, itieni saini. Tengeni kipande cha ardhi, hata kama ni cha mita ishirini kwa ishirini, kisilimwe, kisichomwe, kisifagiliwe, na mwambieni mlinzi wa shule kwamba maji ya moto na mafuta ya taa hayaingii humo. Nunueni rula, kipimajoto kimoja na daftari lenye jalada gumu litakalobaki shuleni wanafunzi wakiondoka. Nanyi wazazi, mtoto akirudi na vumbi magotini akawaambia ameona tundu lenye kifuniko, msimkemee. Mwambieni awapeleke mkalione.